Kabla hujaandika VFS yako ya kwanza

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza programu za maduka, SQLite utakutana nayo mapema, maana hifadhidata nzima ni faili moja na haihitaji seva. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, na inakuruhusu kuipachika maktaba zako bila kugusa msimbo wake, ziwe na fankisheni mpya au VFS, yaani tabaka kati ya SQLite na diski.

Anza na fankisheni ndogo. Yangu ya kwanza ilikuwa ya duka la jumla Kariakoo, ambako mteja mmoja aliandikwa mara tatu: namba yake ikianza na 07, na 2557, na +2557. Mistari michache ya C, kisha sqlite3_create_function ya kuisajili, na namba zote zikawa na sura moja. Ukitaka fankisheni hiyo itumike kwenye faharasa, itangaze kuwa SQLITE_DETERMINISTIC, yaani ukiipa kitu kilekile inatoa jibu lilelile, la sivyo itakataliwa. Kupakia maktaba kumefungwa tangu mwanzo. Kufungue kwa sqlite3_db_config, inayoruhusu upande wa C pekee. Ukiruhusu na load_extension ndani ya SQL, anayepenyeza SQL anaweza kuendesha msimbo mwingine kwenye mashine ya mteja wako.

VFS, lile tabaka kati ya SQLite na diski, ni kazi nzito zaidi. Niliandika yangu ili nisimbe faili la mauzo. Kwa kutafuta kasi, xSync yangu, sehemu ya VFS inayopaswa kuhakikisha data imefika diskini, ilirudisha SQLITE_OK ("imefanikiwa") bila kusukuma chochote. Majaribio yote yalipita. Jioni moja umeme ukakatika. Asubuhi mama mwenye duka akanipigia, faili halifunguki. Tulikaa siku mbili tukiingiza upya mauzo kutoka kwenye vitabu vya risiti, naye hakunigombeza hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi.

Sababu ni hii: jarida la kurudisha nyuma muamala lazima lifike diskini kwanza, ndipo kurasa za faili kuu ziguswe. SQLite inaliamini neno la xSync. Inaiamini xRead, ile inayosoma faili, vilevile: baiti zikipungua, jaza sifuri panapobaki, kisha urudishe SQLITE_IOERR_SHORT_READ. Usipojaza, uharibifu utakuja polepole.

Kwa hiyo usiandike VFS kutoka sifuri. Chukua ya mfumo kwa sqlite3_vfs_find(0), uifunike, ubadilishe kile tu unachokihitaji. Ukiipakia kama maktaba, rudisha SQLITE_OK_LOAD_PERMANENTLY ili isiondolewe muunganisho unapofungwa.

Siku hizi, kabla ya kumkabidhi mteja, nachomoa waya wa umeme katikati ya miamala, tena na tena, na kila kompyuta inapowaka naendesha PRAGMA integrity_check, amri inayokagua kama faili limeharibika.