Nilipoiacha Nagona na kushika mwongozo

Ndugu uliyeuliza kama ni kosa kuiweka kando riwaya iliyokushinda na kusoma muhtasari wake, nakujibu kwa yale yaliyonipata mimi na Nagona ya Euphrase Kezilahabi.

Kabla yake nilikuwa nimesoma Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, riwaya ambazo msomaji anajua yuko kijiji gani, nani ni mtoto wa nani na kisa kinaelekea wapi. Kwa hiyo nilipoishika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, nilidhani kurasa zake zisizofika mia zingekwisha kwa jioni mbili. Nikakutana na msimulizi anayesafiri mahali pasipo na ramani, akizungumza na watu wanaojibu swali kwa fumbo. Sura ya kwanza niliirudia mara tatu. Nilipofika ya tatu subira iliniishia, nikaenda duka la fotokopi karibu na chuo nikanunua mwongozo.

Mwongozo ulinipa upesi nilichokitaka: dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kila kipengele chini ya kichwa chake. Ulisema riwaya inahusu utafutaji wa ukweli, na hilo si uongo. Lakini tulipokutana kwa majadiliano, mwenzetu mmoja alisoma kwa sauti sehemu ya ngoma kuu, na wengine wakaanza kubishana kwa dhati kama msimulizi amefika alikokuwa akienda au ndiyo kwanza anapotea. Mimi niliyekuja na jibu lililokwisha kuandikwa sikuwa na la kuchangia, kwa sababu sikuwa nimepotea pamoja nao. Hilo lilinichoma sana, maana katika riwaya hii kule kupotea ndiko msomaji anakoanza kuutafuta huo ukweli yeye mwenyewe, na mwongozo ulikuwa umenipitisha njia ya mkato iliyokwepa safari yote.

Nilianza upya, safari hii kwa sauti, kurasa tano kila usiku, bila kujilazimisha kumaliza fumbo moja kabla ya kuendelea na jingine. Sauti ilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwani sentensi za Kezilahabi zina mwendo wa kishairi ambao macho yenye haraka huuruka.

Siwalaumu wanaotegemea miongozo, hasa mwanafunzi ambaye darasa lake zima linagombea nakala mbili za kitabu. Kwa riwaya ya kisa kilichonyooka, muhtasari utakukumbusha mengi uliyoyasahau. Kwa Nagona, nakushauri uusome baada ya kumaliza, ukiwa na majibu yako ya kulinganisha. Ule wangu ninao mpaka leo, na pembeni mwa ukurasa wa dhamira nimeandika maswali manne ambayo haukuyagusa, la kwanza likiwa lile walilobishania wenzangu siku ile.