Maswali Yenu: Judo na barabara wapi na wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimevuta kagari kangu kutoka Japani, ramani yake ni Kijapani mwanzo mwisho, kuna herufi moja naiona kila kona, hii 道. Kijana wangu anacheza judo ananiambia eti hiyo ndo "do" ya judo, nikabisha sana. Nani kapatia? – Baba J, Tabata

JIBU: Baba J, mpe dogo soda yake, kakushinda. Herufi ni ileile. Ikisimama peke yake inasomwa michi, yaani njia au barabara, ikiungana na wenzake mara nyingi inakuwa do, hiyo o unaivuta kidogo. Kwenye ramani yako utaikuta kwenye doro, barabara za magari, na yule dada anayeongea ukiwasha gari kumbe analalamika tu kwamba kadi ya kulipia barabara za tozo haijachomekwa, usimjali.

Sasa Wajapani wameitembeza hiyo do mbali kweli. Chuma na njia ni tetsudo, reli hiyo. Maji na njia ni suido, ya bombani. Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini chenye baridi, kilipewa jina hilo 1869 na do yake haina habari na lami, ni mgawanyo wa zamani wa nchi, kama useme kanda. Ila Tokaido ilikuwa barabara kweli, watu wanatoka Edo (ndo Tokyo ya leo) mpaka Kyoto kwa miguu, vituo 53 njiani, na ile treni ya kasi iliyoanza 1964 imerithi jina lake mpaka leo.

Ya judo ndo tamu. Kano Jigoro alikuwa amejifunza jujutsu, na jutsu ni ufundi, mbinu za kumwangusha mtu basi. 1882 akaanzisha shule yake akaitoa jutsu akaweka do, maana alitaka mtu akitoka pale awe amejengeka yeye mwenyewe na sio kujua kubwaga watu tu. Kendo, ule mchezo wa upanga, hivyohivyo, na hata kunywa chai, sado, mgeni anapokea bakuli analizungusha kidogo kwanza ndo anywe, ili asiweke mdomo upande wake mzuri wa mbele, na hayo watu wanajifunza miaka na miaka (mimi kwa chai ya rangi na kitumbua siwezi huo uvumilivu). Dojo anakofanyia mazoezi kijana ni "mahali pa njia", neno limetoka kwenye Ubuddha.

Ninayoipenda mimi ni michikusa, majani ya njiani. Farasi akisimama kuyala safari inalala, kwa hiyo mtoto anayezurura akitoka shule wanasema anakula michikusa.