Kukabidhi kazi si kuikimbia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza nani kati yenu yuko sahihi: mumeo anayesema unaahirisha mambo, au wewe unayesema umemkabidhi kijana wa dukani. Kazi ulizozitaja ni mbili, ritani ya VAT, yaani taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani, na yale mazungumzo na mwenye nyumba kuhusu pango.

Nianze na ritani. Mwisho wa kuiwasilisha ni tarehe 20, wewe umemwambia kijana "ishughulikie" na ukaondoka. Risiti za manunuzi ziko kwenye droo uliyoifunga, nywila unayo peke yako. Afanyeje?

Wodini, zamu ikibadilika, tulipita kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia. Dripu ya huyu inaisha saa ngapi, yule anasubiri majibu gani ya maabara, nani asile mpaka atoke chumba cha upasuaji. Kwenye kabati la dawa kali za maumivu kama pethidine tulihesabu pamoja, tukasaini wote wawili, ndipo ufunguo ukahama mkono. Wauguzi wapya waliona tunapoteza muda. Lakini aliyepokea alijua amepokea nini, na alikuwa na ufunguo. Nami nikifika nyumbani nililala.

Hilo la kulala usilipuuze, mama. Umeandika kwamba usiku unaamka ukiiwaza hiyo ritani. Basi bado unayo, hujaikabidhi kwa mtu.

Fungua droo. Mwezi huu kaeni naye muijaze pamoja. Mwezi ujao aijaze yeye, wewe uisome kabla haijatumwa. Kuisoma usiache hata akizoea, maana mlipakodi ni wewe, na faini ikija itakuja kwa jina lako.

La mwenye nyumba ni tofauti, na hapo mumeo kasema kweli. Mkataba umesaini wewe. Kijana hawezi kukubali wala kukataa nyongeza hata ya shilingi elfu moja, kwa hiyo kumtuma ni kununua siku tu. Najua unaona haya, kwa sababu mzee yule alikupa fremu wakati hukuwa na kodi kamili ya miezi sita. Heshima hiyo ndiyo inayotaka uende mwenyewe. Nenda Jumamosi asubuhi kabla hajatoka, umtajie kiasi unachokiweza, na umweleze biashara ilivyo bila kumficha. Akikataa, nipigie tuangalie fremu nyingine.

Mwambie mumeo mchele umefika, nashukuru sana.

Mama yako