Kabla hujagusa masega: kwa mnaojifunza kutengeneza gari kuukuu nyumbani

Leo Jumamosi nilimkuta kijana ninayemfundisha kazi amelala chini ya gari la baba yake, spana ya 22 mkononi, anapambana na sensa ya oksijeni ya nyuma, ile iliyo baada ya masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi). Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilikuwa imemsomea P0420, namba ya hitilafu inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Nikamuuliza rekodi ya wakati taa ya injini ilipowaka inasemaje. "Nimeshafuta, fundi. Nilitaka nione kama itarudi."

Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia jibu hilo, kutoka kwa vijana watatu tofauti, wote wenye akili na mikono mizuri. Nawapenda, ndiyo maana nakasirika. Basi nimeona niyaandike.

1. Usifute kwanza. Ukifuta namba unafuta pia ile rekodi iliyohifadhi hali ya gari dakika ile: joto la injini, mzigo, mwendo, fyueli trimu (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta). Kompyuta nayo inaanza upya majaribio yake ya ndani, kwa hiyo ukilipeleka gari kupimwa moshi kesho yake linaweza kurudishwa hata kama ni zima. Piga picha skrini yote kwa simu, pamoja na namba zinazosubiri kuthibitishwa, ndipo ushike spana. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya OBD-II, ya kuchomekea mashine ya kusomea, na mashine ndogo ya mkononi inatosha kusoma haya yote. Kijana mmoja alihangaika wiki nzima na gari lililomisi (silinda inaruka bila kuchoma mafuta), kumbe rekodi aliyoifuta ilikuwa imeandika kwamba tatizo hutokea injini ikiwa ya baridi tu. Yeye alikuwa analipima kila siku likiwa limeshapata moto.

2. P0420 haijasema "nunua masega". Imesema sensa ya nyuma inafanana mno na ya mbele. Masega mazima huhifadhi na kuachia oksijeni, hivyo sensa ya mbele ikipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma hutulia, mara nyingi karibu na 0.6 au 0.7. (Kama ya mbele ni ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta moja kwa moja, hutaiona ikirukaruka hivyo. Usiihukumu kuwa imekufa.) Sasa gasketi iliyoungua kabla ya sensa ya nyuma inaweza kuvuta hewa ya nje, na masega mazima yakaonekana maiti. Liwashe gari asubuhi likiwa baridi kabisa, sikiliza ile tik-tik-tik kwenye maungio ya bomba, tafuta masizi. Ukichelewa, chuma kinatanuka, ufa unajiziba, nawe utaapa kwamba hakuna kitu.

3. Taa ikipepesa, gari lisimame. Ikiwaka moja kwa moja una muda wa kufikiri. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kuunguza masega sasa hivi. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Taa ya injini inapepesa, akasema, na gari linatetemeka likipanda mlima. Aliniambia kwa neno hilohilo, "inapepesa". Nilikuwa na kazi nyingi, na nilishajiona fundi. Nikamjibu aendelee kuendesha, nitakuja mwisho wa wiki. Nikaja baada ya siku tisa.

Nilipofika gari halikuwa na nguvu hata ya kutoka getini vizuri. Nikafungua bomba, nikatikisa masega, vipande vikalia ndani kama kokoto kwenye kopo. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimeupata ugonjwa. Kwenye mashine kulikuwa na P0420 na P0303. Hiyo P0303 niliiona kwa macho yangu, nikajiambia silinda ya tatu inamisi kwa sababu bomba limeziba, tukiweka masega mapya itatulia. Nikafuta zote mbili. Mama mdogo akatoa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya paa la nyumba, nikanunua, nikafunga, gari likaondoka likiwa jepesi kama jipya. Bila shaka lilikuwa jepesi: bomba lilikuwa limefunguka.

Wiki ya tano taa ikarudi. Nikafungua tena, na masega yale mapya yalikuwa yameanza kuyeyuka upande wa mbele.

Ugonjwa ulikuwa koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi. Koili ya silinda ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa ya baridi inapiga vizuri, ikipata moto na mzigo cheche inatorokea pembeni. Mafuta yanayoshindwa kuungua ndani ya silinda huenda kuungulia kwenye masega. Mahali panapofanya kazi kwa nyuzi 400 hadi 800 panapita 1,000, na ile kauri iliyobeba platinamu, paladiamu na rodiamu haivumilii hayo kwa muda. Jaribio lenyewe lilikuwa la dakika kumi: ningebadilishana koili ya tatu na ya kwanza, nikaendesha, nikasoma tena. Namba ingehamia P0301, kesi ingeishia hapo.

Nilikaa sebuleni kwake nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani nilipokuambia inapepesa hukunisikia?" Nilikuwa nimemsikia. Masega ya pili niliyanunua mwenyewe, ikanichukua miezi minne kukusanya pesa, na mvua za mwaka ule zilimkuta na paa lilelile bovu. Kila mtu akinipigia sasa kuhusu taa, swali langu la kwanza ni moja, na nasubiri jibu hadi mwisho.

4. Trimu ikiwa juu kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) halafu ikashuka ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa inayoingia pembeni, na anza na hosi za PCV, zile zinazorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena, maana plastiki kuukuu hupasuka upande wa chini usiouona. Ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, filta ya mafuta au sensa ya kupima hewa inayoingia, iliyochafuka.

5. P0455 au P0442 (mvuke wa mafuta unavuja): raba ya mfuniko wa tanki kwanza.

6. Sensa ya oksijeni ifungue bomba likiwa na uvuguvugu, na dawa ya kuzuia kutu ipake kwenye meno tu, isiguse ncha. Silikoni yoyote unayotumia kwenye injini iwe imeandikwa kuwa ni salama kwa sensa, kwani mvuke wa ile ya kawaida huua sensa polepole.

7. Usiwashe injini kwenye banda lililofungwa, hata kwa "dakika moja tu nisikilize". Monoksidi ya kaboni haina harufu, na gari lenye hitilafu ya moshi huweza kuitoa kwa wingi zaidi. Na jeki si stendi ya kushikilia gari ukiwa chini yake. Hili siwezi kulisema kwa upole.

Yule kijana wa leo nilimtoa chini ya gari, tukaiacha sensa ilipo. Nilimwambia aegeshe, asiliwashe usiku kucha. Kesho alfajiri nitaenda kwao, yeye atainama kwenye bomba na mimi nitashika ufunguo.