Usianze na maziwa, anza na mianya: njia isiyochongwa kati ya Humphreys Basin na Darwin Canyon, Sierra Nevada, California

Mkuu, nimeusoma mpango wako mara mbili. Siku tatu, maziwa kumi na moja: unaanzia North Lake, unapanda Piute Pass, unakatiza Humphreys Basin, unavuka Alpine Col hadi Darwin Bench, halafu unarudi kwenye gari kwa kupitia Lamarck Col (“pass” na “col” ni mianya ya kuvukia kati ya vilele). Umepiga mstari mwekundu kutoka ziwa hadi ziwa, programu ikakujibu ni kilomita thelathini na kidogo, na sasa unauliza kama kilomita kumi kwa siku si kidogo mno, uongeze ziwa la kumi na mbili.

Usiongeze. Mzunguko huo nimeutembea mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa na mstari mwekundu kama huo wako.

Siku iliyonifunza ilikuwa ya pili ya safari hiyo. Nilivunja kambi karibu na Muriel Lake saa mbili asubuhi, nikiwa na uhakika wa kula chakula cha mchana Darwin Bench. Kwenye ramani hazifiki hata kilomita nane. Nilifika saa kumi na mbili na nusu jioni, magoti yanatetemeka, kiganja kimoja kimechunika, na chakula cha mchana nimekila nikiwa nimekaa juu ya jabali lisilo hata na sehemu ya kuegemeza mgongo. Hakuna aliyeumia, hali ya hewa ilikuwa nzuri, na njia sikuipotea. Saa kumi na nusu ziliishia kwenye mawe tu.

Kuanzia ziwa Goethe kwenda Alpine Col, na hivyo hivyo upande wa pili unaposhuka, ardhi ni lundo la majabali yaliyoporomoka kutoka juu. Mengine ni makubwa kama friji, mengine kama gari dogo. Hutembei pale. Unaruka, unashika, unakaa kitako unajishusha, unarudi nyuma kwa sababu mbele kuna shimo. Kila hatua unaiamua upya, na kila baada ya mawe ishirini linakuja moja linalocheza. Ukiwa na begi la kilo kumi na tano mgongoni, jiwe linalocheza halikuachii nafasi ya kukosea mara mbili.

Kwa hiyo acha kuhesabu kilomita, hesabu saa. Mskoti mmoja, Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita tano, na saa moja nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, kama mita 600. Kwenye njia iliyochongwa inakaribia ukweli, ingawa mwenye begi zito atapungukiwa. Nje ya njia inakudanganya. Mimi siku hizi naigawa ardhi kwanza. Kwenye nyasi na miamba bapa ya matale (graniti) najipa kilomita mbili kwa saa. Kwenye majabali najipa moja, na yakiwa makubwa sana, nusu. Humphreys Basin yenyewe ni tambarare ya kupendeza, utaenda kasi, na hapo ndipo utakapojidanganya kwamba siku nzima itakuwa hivyo.

Utajuaje mawe yako wapi kabla hujafika? Picha za setilaiti. Kuza mpaka uone chembechembe: mwamba bapa unaonekana laini, wenye nyufa ndefu, majabali yanaonekana kama mtu amemwaga chumvi ya mawe, na yale makubwa kweli utaona hata kivuli cha jiwe moja moja. Angalia pia picha ilipigwa mwezi gani. Picha ya Septemba haikuonyeshi theluji ya Julai.

Kisha ramani ya kontua, yaani yenye mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ramani za Marekani za kipimo cha 1:24,000 kwa milima hii mara nyingi zina mistari ya kila futi 40, yaani mita 12 hivi. Milimita moja kwenye karatasi ni mita 24 ardhini. Mistari ikiwa na nafasi ya milimita moja, huo ni mteremko wa kama digrii 27. Ikiwa na nusu milimita, ni digrii 45, na hapo sipiti bila sababu nzito. Ila kuna jambo watu hawalifikirii mpaka limewakuta: ukuta wa mita kumi unaweza kujificha kabisa kati ya mistari miwili. Ramani haijakosea. Imechora kila futi 40, na ukuta una futi 33. Ndiyo maana ramani na picha navitazama pamoja, sichagui kimoja.

Sasa kuhusu mpangilio. Wewe umechagua maziwa kwanza, halafu ukatafuta namna ya kuyaunganisha. Geuza. Chagua mianya ya kuvukia, kwa sababu ndiyo inayoamua safari. Maziwa yapo kila bonde, hutayakosa. Kila mwanya una pande mbili, na mara nyingi ni upande mmoja tu unaokutesa. Upande wa kaskazini unatunza theluji na barafu mpaka kiangazi kimeenda sana. Wa kusini unakauka mapema. Ukiwa na mwaka wa theluji nyingi, kama 2023, kalenda yako yote inasogea mbele. Vipimo vya theluji vya mwanzoni mwa Aprili hutangazwa wazi California, na mimi hupanga tarehe baada ya kuvisoma, sipangi kabla.

Alpine Col iko karibu mita 3,750, nawe unaupanda kutoka kaskazini, upande wenye kivuli. Lamarck Col unazidi mita 3,900. Upande wake wa mashariki kuna kijia kilichokanyagwa na miguu ya watu wengi, kiziwa kidogo karibu na juu na kipande cha theluji kinachokawia kuyeyuka. Upande wa Darwin Canyon ni mchanga na mawe legelege, mkali. Kwa kushuka ni raha. Kwa kupanda, kama wewe utakavyofanya, unapiga hatua moja unarudi nusu.

Hapo utasema: basi niugeuze mzunguko, nianze na Lamarck. Nami niliwaza hivyo hivyo safari ya pili, nikaacha. North Lake iko kama mita 2,850. Ukianza na Lamarck unamlazimisha mtu aliyetoka chini jana apande zaidi ya mita elfu moja akiwa na begi zito kuliko siku zote, na usiku wa kwanza alale bado juu sana. Piute Pass, mita 3,482, ina njia nzuri na inakupa usiku mmoja au miwili ya kuzoea hewa nyepesi. Bora nihangaike na mchanga siku ya mwisho, begi jepesi, kuliko kichwa kiniume siku ya kwanza.

Jambo jingine la Lamarck ukiupanda kutoka magharibi: ukiwa chini kando ya maziwa ya Darwin Canyon na kutazama juu, unaona mianya kadhaa inayofanana kama mapacha. Mara ya kwanza nilifuata ule ulionipendeza macho. Saa nzima ikapotea. Mara ya pili nilikuwa nimeandika nyuzi za dira, yaani mwelekeo kwa digrii, kutoka ziwa fulani hadi mwanyani, nikazisoma nikiwa bado kwenye tambarare, nikachagua jiwe jeusi la kulenga, basi. GPS ninayo, lakini kwenye mpando wa namna ile sipendi kuinamia kioo kila dakika.

Na mstari wako unaokata kando ya maji: usiamini kwamba ukingo wa ziwa ni njia. Tazama pale mistari ya kontua inapobanana mpaka kugusa rangi ya buluu. Hapo mwamba umetumbukia majini, nawe itabidi upande mita hamsini kisha ushuke hizo hizo. Kwa kila ziwa andika pembeni: napita kushoto au kulia, na kwa nini.

Nusu ya pili ya kupanga ni kujua utatokea wapi mambo yakiharibika. Ukiwa Humphreys Basin, kurudi ni rahisi, Piute Pass iko nyuma yako. Ukishavuka Alpine Col, mambo yamebadilika. Kutoka Darwin Bench unaweza kushukia njia ya John Muir Trail karibu na Evolution Lake, lakini hiyo itakupeleka Muir Pass, kisha Bishop Pass, na utatokea South Lake, bonde jingine kabisa, gari lako likiwa North Lake. Hizo ni siku nyingine mbili au zaidi. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea unafanyika Goethe, si mwanyani. Mimi nimejiwekea: kama saa nne asubuhi sijaanza kupanda, au mawingu yameanza kujenga minara, nalala hapo hapo. Julai na Agosti radi za mchana ni jambo la kawaida, na juu kule hakuna mti wala kichaka. Ndiyo maana pia nabeba chakula cha siku moja ya ziada na kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada.

Mengine kwa haraka. Kibali cha kulala porini ni lazima, na kinatolewa kwa idadi kulingana na mahali unapoanzia. Upande wa hifadhi ya taifa ya Kings Canyon, moto wa kuni hauruhusiwi juu ya futi 10,000, na safari yako karibu yote iko juu ya hapo, hivyo beba jiko la gesi. Chakula kiweke kwenye mkebe mgumu usiofunguliwa na dubu. Hata pasipo na sharti, hakuna mti wa kukitundika. Hema weka mita thelathini au zaidi kutoka majini. Mbu wa Julai mwanzoni sitawaelezea, utawajua.

(Majina usiyashangae. Mwaka 1895 Theodore Solomons alivipa vilele vya kule majina ya wanasayansi na wanafalsafa wa mageuzi ya viumbe: Darwin, Huxley, Wallace, Haeckel. Lamarck na Mendel walifuata baadaye. Lamarck, aliyeamini shingo ya twiga ilirefuka kwa kunyooshwa, amepewa mwanya ambao kweli unakunyoosha miguu.)

Ningekuwa wewe ningefanya siku tano. Ya kwanza, Piute Pass na kulala karibu na Muriel Lake. Ya pili, mwendo mfupi tu hadi Goethe, upumzike, utazame mpando wa kesho jioni jua likiwa limeukata kwa pembeni, maana hapo ndipo mabonde na migongo yake inaonekana vizuri. Ya tatu Alpine Col, ukiamka gizani. Ya nne uache hema Darwin Bench, ushuke mikono mitupu hadi Evolution Lake na kurudi. Hayo maziwa yako kumi na moja utayahesabu siku hiyo bila kuyatafuta. Ya tano ni Darwin Canyon na Lamarck, na hiyo ni ndefu, majabali yanaanza tena kando ya maziwa ya Darwin Canyon kabla hata hujaanza kupanda. Chora upya kwa saa badala ya kilomita, uweke hapa. Nitakuangalizia hasa pale unapozunguka Goethe, maana kwenye mstari wako wa sasa unapita juu ya maji.