Kiingereza cha kazi huku Uingereza, nawajibu bila kuficha

Swali ni lile lile, dada nisome Kiingereza gani cha kazi kabla sijaja huko, na wengi mnakariri majina ya vyeo, manager, accountant, supervisor. Jamani hayo mnayajua tangu shule, hayatawasumbua. Yanayosumbua ni maneno ya kwenye mkataba na kwenye karatasi ya mshahara, ambayo huku inaitwa payslip, maana pale kila neno lina hela yako ndani.

Gross na net kwanza. Tangazo la kazi linaandika gross, yaani kabla ya kukatwa kodi na National Insurance, mchango wa lazima wa hifadhi ya jamii, na mara nyingi pensheni nayo inakatwa hapo hapo, kinachoingia benki ndo net. Sasa mtu anaona tangazo, anazidisha kwa hela ya nyumbani, anawapigia ndugu wote, mwisho wa mwezi anasema kaibiwa. Hujaibiwa mdogo wangu.

Halafu zero hours contract. Maana yake mwajiri halazimiki kukupa hata saa moja, wiki hii shifti tano wiki ijayo kimya. Sisemi ukatae, wanafunzi wengine inawafaa, ila usichukue nyumba ya kupanga kwa kutegemea hiyo.

Na hili wengi linawachanganya, redundant na sacked. Ukiwa made redundant ni nafasi yenyewe imefutwa, wewe huna kosa, na ukiwa umeshafikisha miaka 2 kwa mwajiri huyo kwa kawaida kuna malipo ya kisheria unadai. Sacked au dismissed umefukuzwa. Nenda kwenye intavyuu useme ulikuwa sacked wakati kampuni ilipunguza watu tu, uone watakavyokuangalia. Ukiacha mwenyewe unasema I handed in my notice, na usiondoke bila kudai P45, karatasi inayoonyesha ulilipwa kiasi gani na umekatwa kodi kiasi gani, kazi mpya wakiikosa unaweza kukatwa kodi ya dharura, yaani zaidi ya unayodaiwa, kurudishiwa utarudishiwa lakini ukisubiri.

Likizo ni annual leave, kisheria wiki 5.6 kwa mwaka, anayefanya siku 5 kwa wiki anapata 28, ila soma vizuri kwa sababu mwajiri anaruhusiwa kuhesabu bank holiday humo humo, na bank holiday ni sikukuu ya kitaifa, si mambo ya benki. Kwenye kazi za kulea wazee na hospitali utasikia pia bank staff, hao ni watu wa akiba wanaoitwa pengo likitokea, hapo pia benki haihusiki!

Lakini kigumu kuliko vyote hakipo kwenye karatasi, ni namna mabosi wa huku wanavyoongea. Would you mind doing the bins, yaani kutoa takataka, unaweza ukadhani unaulizwa kama unapenda, kumbe umeshaagizwa. You might want to check that again, hapo umekosea, rekebisha sasa hivi. Wanaongea taratibu, na tabasamu juu, halafu siku ya tathmini unakuta yote yameandikwa. Hii kamusi haikusaidii, sikiliza wenzako wanaitikiaje.

Kwa hiyo acheni kukariri orodha. Chukua tangazo moja la kazi unayoitaka kweli, usome mpaka mstari wa mwisho, neno la haki za kazi likikushinda tafuta kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali, au ya Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wanaeleza kwa Kiingereza chepesi na ni bure.