Tume ya uchaguzi ya Marekani iko wapi? Jibu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu umeuliza mbona uchaguzi wa Marekani hatumuoni mwenyekiti wa tume amekaa mbele ya kamera anasoma matokeo jimbo kwa jimbo kama tulivyozoea huko bongo, na tume yao inaitwaje. Haipo. Ipo ya shirikisho inayofuatilia hela za kampeni, ila haihesabu hata kura moja.

Wale unaowaona kwenye TV wakisema fulani kachukua Pennsylvania ni waandishi wa habari tu. Associated Press wanakusanya matokeo tangu 1848, nchi nzima inawasubiri, na kisheria hawana mamlaka yoyote. 2020 watu walipiga kura Jumanne tarehe 3 Novemba, Jumamosi vyombo vya habari vikasema Biden kashinda, watu wakamwagika barabarani kushangilia. Kwetu mhariri akimtangaza rais kabla ya tume usiku huo analala ndani.

Kura zenyewe zinasimamiwa na kaunti, ziko zaidi ya 3,000. Mi nipo Ohio, peke yake ina 88, na nilipopata uraia nikaomba kusimamia kituo, hela yenyewe ni ya chai ila nilitaka nione kwa macho. Tunafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunafunga saa moja na nusu usiku, na aliyekuwa kwenye foleni muda huo atapiga tu hata kama foleni imezunguka jengo. Nilichokiona hapo ni kwamba hakuna mtu anayejifanya hana chama. Bodi ya kaunti ina watu wanne, wawili Republican wawili Democrat, na sisi wa kituoni tumepangwa hivyohivyo. Usiku kura zikatiwa lakiri zikapakiwa kwenye gari la bibi mmoja wa Republican, pembeni yake kakaa bibi wa Democrat, siku nzima walikuwa wanabishana kuhusu nani kazima kiyoyozi, na sasa hakuna kumwacha mwenzio na mzigo hata ukibanwa na haja. Huko zinakopelekwa stoo ina kufuli mbili, ufunguo mmoja wanao hawa mwingine wale, mlango haufunguki mpaka wawepo wote. Yaani wamekubali kwamba hawaaminiani wakaanzia hapo. Kwangu mimi hiyo ni akili kuliko sisi kila mwaka kumtafuta malaika wa tume huru.

Ila wakuu msidhani huko ni peponi. Florida 2000 Bush alimpita Gore kwa kura 537, na mama aliyeidhinisha matokeo, Katherine Harris, katibu wa jimbo, yaani msimamizi mkuu wa uchaguzi jimboni, alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush hapohapo Florida, halafu Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya, mchezo ukaishia hapo. Georgia 2018 Brian Kemp, naye katibu wa jimbo, aligombea ugavana huku ofisi yake ndo inasimamia uchaguzi. Jaribu hiyo Kenya uone kitakachotokea. Na Georgia hiyohiyo, Januari 2021, Trump alimpigia simu katibu wa jimbo, Brad Raffensperger, Republican mwenzake, anataka atafutiwe kura 11,780, maana alikuwa kazidiwa 11,779. Jamaa akagoma, na maongezi yakavuja watu wote tukasikia.

Sasa lile tangazo rasmi unaloulizia lipo, ila linakuja wakati dunia imeshasahau. Desemba wajumbe 538 wa majimbo, ambao ndo wanamchagua rais rasmi, wanapiga kura kila mtu jimboni kwake, ukifika 270 umeupata urais, halafu tarehe 6 Januari Bunge linakaa kuzihesabu na anayesoma jumla ni makamu wa rais, hata kama alikuwa mgombea. Gore alisimama 2001 akamtangaza Bush, na 2025 Kamala Harris akasoma 312 za Trump, akasoma na 226 zake mwenyewe, akagonga nyundo.